Kila Mtu Anarudi Nyumbani

Pangniqtuuq,
mwishoni mwa Machi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na lile dirisha ulilonisimulia, linaloonyesha mto na magari, na kwamba leo si siku yako ya mashine ya kusafisha damu. Vipi hali yako? Mkono wanaokuchoma sindano umepungua uvimbe? Na yule mama wa Arviat mnayelala naye chumba kimoja, bado anakoroma, au umeshamzoea kiasi kwamba akinyamaza ndipo unapokosa usingizi? Elisapi anayekuletea barua hii nimemwagiza akuangalie miguu na kunirudishia habari kamili, kwa hiyo usimjibu kwa lile neno lako la "sijambo" unalotupa sisi kwenye simu.

Sisi huku wazima. Mkwe wako Simiuni anadai mgongo wake umepona, lakini akitaka kufunga viatu anatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumwinamia. Mjomba Lukasi anakusalimu sana. Anasema dada yake asije akajifunza kula majani huko Ottawa, akarudi kutudharau sisi walaji wa nyama. Jua limerudi na theluji inaumiza macho, na karibu kila nyumba ina mtu aliyekwenda ziwani kuvua. Nimempa Elisapi mfuko wa samaki waliogandishwa, pamoja na ngozi ya nyangumi aliyoikata Lukasi kwa mkono wake. Ule vivyo hivyo, na uwafiche wauguzi wasije wakavipika.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mama, kwenye simu wewe unanisikia nusu, nusu nyingine unaitunga mwenyewe, halafu unagombana na ile uliyoitunga. Tena habari niliyo nayo safari hii nataka uisome kwa herufi zetu, ukiwa na miwani yako, polepole. Ukitaka kusimama katikati ukanywe chai, simama. Karatasi haitaondoka.

Nianze na lililo jepesi. Ile tuzo ya vitabu vya watoto niliyokwambia walinialika Toronto kuipokea, niliipokea. Waliniweka jukwaani mbele ya watu waliovaa vizuri, wakaniomba nieleze nilivyoanza kuandika. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya maana, lakini nilipofungua kinywa nikajikuta nawasimulia habari zako tu. Nikawaambia kwamba nilikuwa msaidizi wa mwalimu kwenye shule yetu, na kabati la vitabu lilikuwa limejaa ng'ombe, treni na matofaa, hadi siku moja mtoto wa kwa Akulukjuk akaniuliza ng'ombe anawindwa kwa bunduki ya aina gani. Nikarudi nyumbani nikachukua karatasi za shule, nikaandika habari za kijibwa kivivu kisichotaka kuvuta sleji kwenye theluji, nikachora mwenyewe na kuzibana kwa stepla. Wewe ulikuwa unashona buti. Ulisoma, ukaniambia mbwa wa namna hiyo ni wa kupigwa risasi, si wa kuandikiwa kitabu. Kisha ukafungua tena ukurasa wa kwanza, na nilikuona ukicheka huku umeuma uzi. Nikawaambia wale watu kwamba hadi leo sijapata tuzo inayoshinda kicheko kile. Walipiga makofi, ingawa sidhani walielewa, walidhani najinyenyekeza tu.

Nikawasimulia na habari za pengwini. Nadhani kijiji kizima bado kinakumbuka kitabu kile cha kwanza kilipofika kutoka kusini, kizuri, kinanukia wino, na ufukweni kwetu wamesimama pengwini, ndege wasiopatikana kabisa huku, na mama wa kijibwa amevaa koti la kubebea mtoto mbele nyuma. Mimi nilijifungia chumbani nalia. Wewe ukakitia kitabu kwapani ukapita nacho nyumba hadi nyumba, na kila nyumba mkacheka upya. Lukasi akauliza kama ndege hao wanalika. Uliporudi ukaniambia niache kulia, nimwandikie huyo mchoraji wa kusini aje tumpe chai aone watu walivyo. Nikaandika kwa aibu, nikijua hatakuja. Akaja, masikini Gordon, na viatu vya mjini, akakaa kwako wiki baada ya wiki, ukamshonea glavu na kumfundisha kula kilichogandishwa, na tangu hapo hajakosea hata mshono wa kofia. Alikuwapo Toronto siku ile. Alipokusikia ukitajwa alitoa glavu zako mfukoni akaziinua watu wazione. Zimechakaa, Mama. Anaomba nyingine, nami nimemwambia foleni ni ndefu.

Monica, mhariri wangu wa Iqaluit, naye alikuwapo. Unamjua, yule wa Rankin Inlet tunayegombana naye kila kitabu kwa sababu neno la kwetu kwao ni tusi, na neno la kwao kwetu linamaanisha kitu kingine kabisa. Tulishikana mikono kama dada, halafu usiku uleule tukagombania jina la kijiko.

Baada ya Toronto nilipelekwa Qikiqtarjuaq kuzungumza na wanafunzi, na hapo ndipo habari yangu hasa inapoanzia.

Watoto waliniuliza yale ya siku zote. Je, nina mbwa. Je, ni tajiri. Mmoja alitaka kujua kama waandishi wote ni wanene. Nilikuwa nafurahi. Nyuma kabisa alikaa msichana aliyevuta kofia ya koti hadi usoni, jina lake Ulusi, umri wa kuanza kubalehe hivi, na kwenye dawati lake alikuwa na vitabu vyangu vyote, vyote, hata kile cha bata bukini ambacho hata mimi sina nakala. Aliponyoosha mkono aliongea kwa sauti ndogo. Akaniuliza kwa nini kwenye vitabu vyangu kila mtu anarudi nyumbani.

Nikampa jibu la kiutu uzima. Nikamwambia nawaandikia watoto wadogo, na mtoto mdogo anataka alale akijua kijibwa kimefika salama.

Akasema, "Mimi si mdogo. Baba yangu hakurudi. Nimesoma vyote nikitafuta mtu ambaye harudi, nione wenzake wanafanya nini baadaye."

Mwalimu akakohoa akataka kumpa zamu mwingine, nikamwomba asubiri. Nikamwambia Ulusi ukweli, kwamba kitabu hicho sina.

"Basi kiandike," akasema, kwa sauti ya mtu anayekutuma sukari dukani, nami nikamwahidi.

Kwenye ndege ya kurudi nilivipitia vitabu vyangu kichwani. Kijibwa kimepotea kwenye tufani, kimerudi. Msichana amechukuliwa na kipande cha barafu, amerudi. Yule mzee aliyekwenda kutafuta mayai visiwani, amerudi, tena na mayai yake. Sikuwa nimewahi kuliona. Watu wa magazeti huwa wanaandika kwamba vitabu vya huyu Kanajuq wako vina matumaini, nami nilikuwa naamini hivyo hivyo. Lakini wewe unajua nilianza kuandika lini. Nilibana zile karatasi majira ya baridi yaliyofuata baada ya Ukaliq.

Mama, nimeandika jina lake. Kama unataka kunywa chai, huu ndio wakati.

Nataka uelewe kwamba sikulaumu. Ulipotuambia jina la mdogo wetu liachwe lipumzike, asiitwe mtoto yeyote kwa jina hilo na asizungumzwe mezani, tulitii kwa sababu tulikuona ulivyokuwa. Ulikuwa huli. Ulikuwa unakaa na sindano mkononi bila uzi. Alikuwa kitinda mimba wako, na barafu haikuturudishia hata mwili wa kuzika. Tulinyamaza kukulinda, halafu kimya kikazoeleka, na watoto wetu wakakua wakijua tu kwamba kuna picha moja kwenye sanduku la bibi isiyoguswa. Nadhani mimi niliyekuwa sipati pa kumtaja nilikuwa namrudisha nyumbani kwa njia ya mlango mwingine, kitabu baada ya kitabu, mara akiwa mbwa, mara akiwa bata.

Basi nilikiandika. Si kitabu cha watoto wadogo, ni cha vijana, cha akina Ulusi. Ni habari za kijana anayekwenda kwenye barafu changa ya mwanzo wa majira ya baridi na harudi, na habari za wanaobaki, wanavyoamka kesho yake na keshokutwa. Jina nilimpa jingine. Nilipofika kwenye barafu yenyewe nikagundua kwamba siijui vya kutosha, nikaenda kwa Mjomba Lukasi. Alinuna. Akasema hiyo si kazi ya kalamu. Baadaye akanipitia na pikipiki yake ya theluji, akanipeleka mdomoni mwa ghuba, pale maji ya kujaa na kupwa yanapoila barafu kwa chini wakati juu inaonekana nzima. Akanipa mtaimbo nigonge, akaniambia nisikilize mahali inapoacha kulia kama mlango na kuanza kulia kama ngoma. Njia nzima ya kurudi aliongea habari za Ukaliq, mtu ambaye hajamtaja miaka yote hii. Halafu akawa ananirudisha kwenye sura ile ya barafu kila mara, hili siyo, lile siyo, mpaka nikachoka naye. Anasema kijana mmoja akiisoma na akageuza pikipiki yake, inatosha.

Na kitabu kile kina asubuhi ile, Mama. Kina mama anayeshona, kina chai, na kina maneno yake kwamba ana hamu ya ini la sili, la moto, lililotoka majini sasa hivi. Kijana anacheka, anasema atamletea, anatoka. Niliyaweka kwa sababu uliniambia mwenyewe, mimi peke yangu, jikoni, watu wa msibani walipokwisha kuondoka. Uliniambia, "Mimi ndiye niliyemtuma." Ulisema mara ile tu. Lakini nimekuona kila mwanzo wa majira ya baridi, wanaume wanapoleta nyama mlangoni, unavyoipokea kwa shukrani na kuwapa majirani.

Monica alipomaliza kusoma alinipigia simu. Akasema hana neno la kubadilisha. Kwa Monica huo ni ugonjwa. Anataka kitoke kabla maji hayajaanza kuganda, kifike shuleni vijana wakiwa bado wanasikia. Nikamwambia hakitachapishwa kabla mama yangu hajasema. Na nikamwambia sitaki watu wa kijiji changu wasome habari za kijana wao kwenye karatasi iliyotoka mbali, kana kwamba nimewauza. Nikaenda kwa Noa pale redioni nikaomba nafasi ya mchana, watu wakiwa nyumbani kula.

Hapa nilikutangulia, Mama. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nilijaribu kwenye simu, ukaniuliza kama nguo zako za kiangazi zimeanikwa, nikashindwa.

Siku ya kwanza nilisoma baada ya tangazo la glavu iliyopotea na kabla ya namba za bingo. Noa alifungua simu kwa wasikilizaji, hakupiga mtu. Dukani wanawake waliniona, wakageuka kutazama maziwa ya kopo kwa makini sana. Nikajua nimeharibu. Siku iliyofuata hivyo hivyo, isipokuwa Simiuni aliniambia barabara ilikuwa tupu, hata watoto hawapo nje, na kila nyumba aliyopita redio imepandishwa sauti. Siku nyingine tena ndipo nilipofika kwenye asubuhi ya chai. Nilisoma hadi pale kijana anapofunga mlango, nikasema basi kwa leo.

Simu ikalia. Alikuwa bibi Kuluaq. Hakusalimu. Alisema Ukaliq aliazima birika lake akaenda nalo kuwinda, akalirudisha halina mfuniko, na alipoulizwa akajibu mfuniko umeolewa na dubu. Akasema, "Namdai mfuniko mpaka leo," akacheka, akalia, akakata. Basi ikawa kama wamefunguliwa. Mmoja akasimulia Ukaliq alivyomwibia padri kofia na kuivalisha mbwa. Mwingine akasema Ukaliq alimbeba yeye mgongoni kutoka ziwani siku alipovunjika mguu, na njia nzima alimtukana kwa uzito wake. Walimwita kwa jina lake lenyewe, si lile nililompa kitabuni. Noa aliacha kusoma bingo siku hiyo na hakuna aliyelalamika, nawe unajua bingo ilivyo hapa.

Kisha mlango ukafunguliwa akaingia Jaani. Yule rafiki yake Ukaliq, ambaye sasa ni baba wa watoto wengi na anaendesha lori la maji. Aliliacha lori linanguruma nje. Alisimama na mabuti yanadondosha theluji kwenye zulia la Noa, akaniambia, "Dada, hapo umekosea."

Nikamuuliza wapi. Akasema pale kwenye ini.

Sasa soma taratibu, Mama, nitaandika kama alivyosema, na kijiji kizima kilisikia kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi. Alisema Ukaliq hakwenda kumtafuta sili. Jioni ya siku iliyotangulia wawili hao walipakia sleji pamoja nyuma ya nyumba ya Jaani: petroli, jiko, na mitego ya mbweha. Alikuwa anakwenda ng'ambo ya ghuba kutega mbweha weupe, apate manyoya ya kofia ya Miali. Alitaka kumchumbia. Alikuwa anakuficha kwa sababu ulikuwa umesema bado ni mtoto, na kwamba watu wa kwa akina Miali wana maneno mengi. Ilikuwa Jaani naye aende, ila baba yake alimkataza, akasema barafu bado. Asubuhi Ukaliq alisimama dirishani kwa Jaani na sleji imeshapakiwa, akamcheka kwa kukatazwa, akamwambia, "Napita kunywa chai kwa mama, halafu hao." Hiyo ilikuwa kabla hujamwona siku hiyo, Mama. Kabla hujawasha hata jiko.

Nikamuuliza Jaani kwa nini hakusema siku zote hizo. Alinitazama kama mtu aliyepigwa. Akasema alidhani tunajua. Watu waliomtafuta waliiona mitego ufukweni ng'ambo, wakajua ni safari ya mbweha, kila mmoja akadhani mwenzake ametueleza, naye hakufikiri kuna wa kuelezwa. Halafu nyumba yetu ikafunga jina, naye akaogopa kulitaja mbele yako asije akakuumiza. "Sikuwahi kujua mama anafikiri ni yeye," alisema. "Ningejua ningekuja siku ileile, hata kwa kutambaa." Akaanza kulia pale pale, mtu mzima na funguo za lori mkononi. Noa akaweka wimbo wa kanisani, lakini akasahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo kijiji kizima kilinisikia nikipenga kamasi katikati ya ubeti.

Sikutaka kukuletea neno la mtu mmoja. Nilimpigia Miali, ambaye sasa ni mwalimu Iglulik na ana mume mwema. Akasema ni kweli, Ukaliq alimwahidi manyoya meupe na akamtaka asimwambie mtu. Naye miaka yote alidhani amebeba lawama hiyo peke yake.

Mama, ulimwambia mwanao una hamu ya kitu, kama mama yeyote kwenye chai. Naye akakujibu atakuletea kwa sababu alikuwa akikupenda na kwa sababu tayari alikuwa na safari. Usingesema neno, angekwenda. Ungesema una hamu ya sukari, angekwenda. Hukumtuma. Natamani ningekuwa hapo nikushike mikono wakati unasoma mstari huu, lakini nimemwomba Elisapi akae karibu na asikuharakishe.

Kuhusu kitabu, neno ni lako. Ukisema kitoke, nitaiandika upya asubuhi ile kama Jaani alivyoieleza, na Lukasi atanisumbua tena na barafu yake. Ukisema hapana, Monica nitamweleza, nitakifunga, na nitamtumia Ulusi peke yake nakala ya mkono, maana yeye nilimwahidi. Sitanuna. Vitabu nimeandika vingi, mama ninaye mmoja.

Limebaki jambo moja, na hili halikusubiri ruhusa ya mtu.

Binti yetu Alasi alikuwa Iqaluit wakati huo, kwenye ile nyumba wanayowaweka wajawazito kungoja siku zao. Kila mchana Simiuni alikuwa anaweka simu karibu na redio ili mwanawe asikie ninavyosoma. Alimsikia Jaani. Kesho yake akajifungua salama, mtoto wa kike, mzito, mwenye nywele zilizosimama kama ameshtushwa na mtu. Hilo la mtoto tulikwambia kwenye simu ukafurahi. Tulichokuficha ni jina. Ulipouliza tulisema bado tunafikiria. Tulikudanganya.

Alasi alinipigia akiwa bado kitandani. Akaniambia nisikasirike, jina ameshampa, ameshalisema sikioni mwake, na mtoto amegeuka kumtazama. Nikamuuliza jina gani, ingawa nilijua. Nikamwambia majina ya watoto huwa wanatoa wazee, na bibi yake hakuulizwa, na tena alikwisha kukataza. Mjukuu wako ana kichwa kama chako. Akanijibu, "Kama Bibi hataki, aje amwambie mwenyewe mtoto."

Kwa hiyo Ukaliq yupo, Mama. Ni msichana safari hii. Ananyonya kama anayetaka kuwahi safari.

Walipofika nyumbani watu walianza kuja bila kuitwa. Kama wewe unavyoniita mimi "baba" kwa kuwa nimebeba jina la baba yako, ndivyo kila mmoja alivyomkuta mtu wake ndani ya blanketi lile. Simiuni, ambaye ni babu yake, anamwita "shemeji" na anamlalamikia kwamba hamsaidii kupasua kuni. Lukasi amemwita "mpwa wangu" kwa sauti ya ukali kidogo, kisha akatoka nje kuangalia hali ya hewa ambayo haikuwa na kitu. Mimi nikimbeba namwita "mdogo wangu," na mara ya kwanza ulimi uliniwia mzito, sasa unatoka wenyewe. Jaani alikuja akiwa amenawa na kuvaa shati safi. Aliinama juu yake muda mrefu, akamwambia, "Ulikuwa wapi muda wote huu, bwana?" Mtoto akamshika kidole na hakukiachia hadi lori likaanza kupigiwa honi.

Alasi amepata nafasi ya kuja Ottawa baada ya Pasaka, na mtoto. Daktari wako amekubali wakae nawe chumbani siku usiyo na mashine. Yule mama wa Arviat umwombe asikorome. Kila mtu hapa ameshapata namna yake ya kumwita. Neno "mwanangu" tu ndilo hakuna aliyeligusa, hata Alasi aliyemzaa, anasema hilo lina mwenyewe.

Wote wanakusalimu: Simiuni, Lukasi na mkewe, Jaani, bibi Kuluaq anayekuombea kila jioni, Noa wa redio, na Gordon wa glavu. Kula vizuri, vaa soksi nilizokutumia, na usiwaonee haya wauguzi ukiumwa. Mungu akutunze hadi tuonane.

Ni mimi, binti yako akupendaye,

Kanajuq